Mjenzi Asijihukumu: Maisha ya Sir Sefton Brancker

Kila mtu apandaye ndege huyaweka maisha yake mikononi mwa watu asiowajua. Hamjui fundi aliyeikagua mitambo alfajiri, wala hamjui mkaguzi aliyetia sahihi hati ya kusema ya kwamba ndege ile yafaa kuruka. Akisha kuketi na mlango ukafungwa, hana la kufanya ila kuamini. Imani hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa pole pole kwa sheria, kwa leseni na kwa ofisi za Serikali, na sehemu yake kubwa ilijengwa juu ya makaburi.

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo ya ujenzi kule Uingereza, naye mwisho akawa mmoja wa waliouawa na kasoro yake. Mtu huyo ni Sir Sefton Brancker, aliyekuwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Ndege za Raia tangu mwaka 1922 hata alipofariki mwaka 1930. Twaona maisha yake yana funzo kwa kila mtu aliyepewa dhamana ya kazi ya umma, awe waziri au awe karani.

Brancker alizaliwa Woolwich, karibu na London, mwaka 1877. Alikuwa mtoto wa askari, naye akafuata nyayo za baba yake. Mwaka 1896 aliingia katika jeshi la mizinga, akapigana katika vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, kisha akapelekwa India. Huko India ndiko alikopanda ndege mara ya kwanza, kama mtazamaji, siku zile ambazo ndege ilikuwa bado ni fito, nyaya na kitambaa. Tangu siku hiyo moyo wake ukahamia angani. Mwaka 1913 alijifunza kurusha ndege yeye mwenyewe. Walimu wake hawakumhesabu miongoni mwa warukaji hodari, lakini kipawa chake kilikuwa katika kupanga kazi, kuwashawishi watu na kutochoka.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, jeshi la ndege la Waingereza lilikuwa changa mno. Mkuu wake, David Henderson, alikwenda Ufaransa, na Brancker akabaki London kutafuta ndege, mitambo na watu wa kuiendesha. Vita vilipokwisha alikuwa amefikia cheo cha jenerali, na mwaka 1919 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Watu walimjua kwa umbo lake dogo, kwa uchangamfu wake, na kwa kile kioo cha jicho moja ambacho hakikumtoka usoni.

Ni lazima tuseme wazi ya kwamba mtu huyu alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni. Njia za ndege alizozipigania zilikusudiwa kuunganisha London na nchi zilizotawaliwa, ili barua za watawala na maofisa wao wafike upesi. Njia hiyo ilifika hata kwetu: mwezi wa Februari mwaka 1931, miezi michache baada ya kufa kwake, ndege za Imperial Airways zilianza safari za kutoka London hata Mwanza, na mwaka 1932 zikaendelea hata Cape Town. Hatulisahau jambo hilo. Lakini sheria ya kumlinda abiria ni njema hata kama mtungaji wake alikuwa na makusudi mengine, na makosa yaliyotendeka London yanaweza kutendeka mahali popote penye Serikali na penye haraka.

Baada ya vita ofisi ya kwanza ya kusimamia ndege za raia iliundwa Uingereza mwaka 1919, ndani ya Wizara ya Anga. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Frederick Sykes. Mwaka huo huo sheria ya urukaji ilipitishwa, na huko Paris mataifa mengi yakatia sahihi mkataba wa kukubali ya kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake. Tangu hapo ndege ya abiria haikuweza kuruka bila hati ya ustahili wa kuruka, wala rubani hakuweza kuibeba roho ya mtu mwingine bila leseni. Wasomaji wetu waangalie sana jambo moja: ofisi hiyo ya raia iliwekwa chini ya waziri yule yule aliyesimamia jeshi la anga na ujenzi wa vyombo vya Serikali. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya.

Brancker mwenyewe hakuwa Serikalini wakati huo. Alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya George Holt Thomas, iliyoanzisha safari za kila siku baina ya London na Paris mwezi wa Agosti 1919. Aliona kwa macho yake jinsi biashara ile ilivyokuwa ngumu. Nauli zilikuwa ghali, abiria walikuwa haba, na kampuni za Kifaransa zilikuwa zikipewa ruzuku na Serikali yao. Kampuni yake ikafa, na mwanzoni mwa mwaka 1921 kampuni za Kiingereza zote zikasimamisha safari mpaka Serikali ilipokubali kuzisaidia.

Basi alipoitwa kuwa Mkurugenzi mwezi wa Mei 1922, alikuwa mtu aliyekwisha kuionja shida. Tena aliingia kazini mara tu baada ya msiba. Mwezi wa Aprili mwaka huo ndege mbili za abiria, moja ya Kiingereza na moja ya Kifaransa, ziligongana katika ukungu huko kaskazini ya Ufaransa, katika wilaya ya Oise, nao watu saba wakafa. Marubani wote wawili walikuwa wakifuata barabara ile ile ya chini ili wasipotee, mmoja akienda na mwingine akija. Baada ya hapo kampuni zilikubaliana ya kwamba kila ndege ishike upande wake wa kulia. Ni kanuni ndogo, ya kumfundisha mtoto wa shule, lakini ilinunuliwa kwa roho saba.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuziunganisha kampuni ndogo zilizokuwa zikifilisika moja baada ya moja. Mwaka 1924 kampuni nne ziliungana zikawa Imperial Airways, na Serikali ikaahidi kuipa pauni milioni moja katika miaka kumi. Wafanya kazi watapenda kujua ya kwamba kampuni hiyo ilianza maisha yake kwa mgomo. Marubani walikataa masharti ya mishahara waliyopewa, nao hawakuruka mpaka mapatano yalipopatikana. Safari zikaanza karibu na mwisho wa Aprili. Ni dhahiri ya kwamba usalama wa abiria hauanzii katika sheria peke yake. Huanzia pia katika haki ya mtu anayeshika usukani.

Mkesha wa Krismasi mwaka huo wa 1924, ndege ya Imperial Airways ilianguka mara tu baada ya kuondoka katika kiwanja cha Croydon, London, na watu wote wanane waliokuwamo wakafa. Uchunguzi wake ulifanywa hadharani, mbele ya wananchi na magazeti, na huo ulikuwa uchunguzi wa kwanza wa namna hiyo kwa ndege ya raia katika Uingereza. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha aibu: barabara ya watu ilikikata katikati, hata magari yakazuiwa kwa lango ndege ilipotaka kupita. Mwaka 1925 Bunge lilipitisha sheria ya kukipanua, na mwaka 1928 kiwanja kipya kikafunguliwa pamoja na jengo la abiria na mnara wa kuongozea ndege.

Msiba huo ulipotokea Brancker alikuwa mbali. Alikuwa safarini na rubani Alan Cobham, wakipima njia ya kutoka London hata Rangoon, huko Burma, na kurudi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakupenda kutawala usafiri wa ndege kwa kukaa ofisini. Alikwenda miji yote ya Uingereza akiwahimiza madiwani wajenge viwanja vyao, na miji kama Manchester ikamsikia. Tangu mwaka 1925 ofisi yake ilivisaidia vyama vya kujifunza kuruka, ili urukaji usiwe mali ya matajiri na wanajeshi tu. Mwaka 1929 marubani walipounda chama chao cha ufundi, walimchagua yeye kuwa mkuu wake wa kwanza. Na mwaka 1930 msichana aitwaye Amy Johnson, aliyekuwa na leseni ya ufundi wa ndege mbali na ile ya urubani, alipotafuta msaada wa kuruka peke yake kwenda Australia, Brancker ni mmoja wa wachache waliomwunga mkono. Msichana yule alifika.

Sasa twafika katika jambo lililotufanya tuchukue kalamu.

Mwaka 1924 Serikali ya kwanza ya Chama cha Wafanya Kazi cha Uingereza iliamua kujenga merikebu mbili za hewa, yaani maputo makubwa mno yenye mifupa ya chuma, yaliyojazwa gesi nyepesi na kusukumwa na mitambo. Moja, R100, ilijengwa na kampuni ya watu binafsi. Ya pili, R101, ilijengwa na Serikali yenyewe huko Cardington. Waziri wa Anga, Lord Thomson, aliipenda sana R101, na hata jina lake alipofanywa Lord alilichukua kutoka kijiji hicho cha Cardington. Alitaka merikebu hiyo impeleke India na kumrudisha London kabla ya tarehe 20 Oktoba 1930, ili awahi mkutano wa viongozi wa nchi za dola ya Kiingereza.

Lakini merikebu ilikuwa na ugonjwa. Iliporushwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1929, ilionekana ya kwamba nguvu yake ya kubeba mizigo ni tani 35 hivi badala ya tani 60 zilizotarajiwa. Mafundi wakalegeza nyavu zilizoishika mifuko ya gesi ili mifuko ijae zaidi, nayo ikaanza kusuguana na mifupa na kutoboka. Kisha merikebu ikakatwa katikati na kuongezwa kipande kipya, hata urefu wake ukawa futi 777. Gesi yenyewe ilikuwa haidrojeni, inayowaka kama petroli.

Mwezi wa Julai 1930 mkaguzi wa Serikali aliyekuwako Cardington, jina lake McWade, aliandika barua kwa wakubwa wake. Alieleza ya kwamba mifuko inasuguana mahali pengi sana, na ya kwamba yeye hawezi kuiombea merikebu ile kibali zaidi cha kuruka kabla jambo hilo halijatengenezwa. Huyu hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mkaguzi aliyetazama kwa macho na kugusa kwa mikono, na alifanya jambo lile hasa ambalo aliajiriwa kulifanya.

Barua ile ilikwenda wapi? Haikumfika aliyekuwa na mamlaka ya juu juu ya ufundi katika wizara. Mkuu wa idara ya ukaguzi aliipeleka kwa mkuu wa kazi ya merikebu za hewa, yaani mtu yule yule aliyekuwa akilaumiwa na barua, amuulize maoni yake. Naye akajibu ya kwamba tatizo litakwisha kwa kuifunga mifupa vitambaa vya kuzuia msuguano. Vitambaa vikafungwa, na jambo likaisha hapo. Wazee wetu walisema, kesi ya nyani hakimu ngedere.

Tarehe 1 Oktoba merikebu iliyoongezwa kipande ilijaribiwa kwa muda wa saa kumi na saba hivi, katika hewa tulivu. Mtambo mmoja uliharibika, na jaribio la mwendo wa kasi kamili halikufanyika. Wataalamu wawili waliotakiwa kuthibitisha uimara wake hawakuwa wamemaliza kuandika ripoti yao kamili. Hata hivyo Wizara ya Anga ilitoa hati ya ustahili wa kuruka, kwa sharti ya kwamba lile jaribio la kasi lifanywe njiani, katika safari yenyewe ya kwenda India. Wizara iliyojenga ndiyo iliyotoa hati, na waziri aliyeharakisha safari ndiye mkuu wa wote waliopaswa kumwambia ya kwamba bado.

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1930 R101 iliondoka Cardington ikiwa na watu 54. Miongoni mwao walikuwa Lord Thomson na Sir Sefton Brancker. Mvua ilikuwa ikinyesha na upepo ukizidi. Walivuka bahari kwa taabu, chini sana. Baada ya saa nane za usiku, karibu na mji wa Beauvais huko Ufaransa, kichwa cha merikebu kiliinama, kikainuka, kikainama tena, nayo ikagusa kilima pole pole. Inawezekana wengi wangalitoka salama kama si moto. Haidrojeni ilishika, na kwa muda mfupi pakabaki mifupa mitupu. Watu 48 walikufa. Sita waliosalimika walikuwa mafundi wa mitambo na mtu wa redio. Katika wakubwa hakupona hata mmoja. Mahali penyewe palikuwa katika wilaya ile ile ya Oise ambako ndege mbili ziligongana mwaka ule Brancker alipoanza kazi.

Alikuwa na umri wa miaka 53. Wengi wa maiti hawakutambulika, kwa hiyo waziri, mkurugenzi, nahodha na wapishi wote walizikwa katika kaburi moja huko Cardington.

Tume ya uchunguzi chini ya Sir John Simon ilikaa hadharani na kutoa ripoti yake mwaka 1931. Iliona ya kwamba merikebu ilipoteza gesi nyingi upande wa mbele katika hewa mbaya. Tena ilisema, kwa maneno ya adabu lakini yasiyofichika, ya kwamba merikebu isingaliondoka usiku ule kama si kwa sababu za kisiasa za Serikali zilizoifanya safari ionekane ni ya lazima. Uingereza ikaacha kabisa kujenga merikebu za hewa, hata R100, iliyokwenda Kanada na kurudi salama, ikavunjwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu.

Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema hata leo, ya kwamba msiba wa R101 waonyesha kuwa kazi za Serikali hazifai na za matajiri ndizo zifaazo. Sisi hatukubali. Imperial Airways ilikuwa kampuni ya wenye hisa, na mwaka 1938 kamati ya Lord Cadman iliilaumu vikali kwa uendeshaji wake, hata mwisho ikaingizwa katika shirika la umma la BOAC. Tajiri huharakishwa na faida, na waziri huharakishwa na sifa. Dawa ya wote wawili ni moja: mkaguzi awe na ofisi yake, na sauti yake imfikie mwenye mamlaka bila kupitia kwa anayekaguliwa.

Waingereza walijifunza hilo kwa hatua ndefu. Mwaka 1937 kazi ya kukagua ustahili wa ndege za raia ilitolewa katika Wizara ya Anga ikapewa bodi ya peke yake. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili usafiri wa raia ukapewa waziri wake, mbali na jeshi. Baadaye ofisi hiyo ilihamishwa mara nyingi: mwaka 1953 iliunganishwa na uchukuzi, mwaka 1959 ikawa wizara ya ndege, mwaka 1966 ikapelekwa kwenye wizara ya biashara. Mwisho sheria ya mwaka 1971 iliunda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanza kazi mwaka 1972. Na hata hapo wachunguzi wa ajali hawakuwekwa chini ya Mamlaka hiyo, ili siku ikikosea yenyewe pawe na mtu wa kuichunguza.

Hapa Afrika Mashariki nasi tumeurithi mfumo huo. Nchi zetu tatu zilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na sasa kila moja ina mamlaka yake. Viwanja vipya na ndege mpya ni jambo la kujivunia. Lakini hapana budi tukumbuke ya kwamba R101 nayo ilikuwa fahari ya taifa, na fahari hiyo ndiyo iliyowafunga watu midomo.

Twamkumbuka Sefton Brancker kwa leseni, viwanja, marubani na mafundi aliowainua. Hatumwoni kuwa ndiye aliyeiua R101. Lakini ofisi aliyoijenga kwa miaka minane haikuwa na nguvu ya kumwambia waziri wake neno moja dogo: ngoja. Pamoja naye twamkumbuka yule mkaguzi wa Cardington aliyeandika barua. Katika kila kiwanda, kila bandari na kila karakana yuko mtu kama huyo, amesimama na karatasi yake mkononi, ameona ufa. Kiongozi mwema hamuulizi mwenye ufa kama ufa upo. Huenda mwenyewe akautazama, na kazi husimama mpaka uzibwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.